Uzinduzi Rasmi wa Maafa, Mtaa wa Tulizana

Nchi ya Shwarini haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji atakayedhani ameitambua ajiulize mwenyewe amewahi kuishi wapi. Mimi nasimulia tu. Ni nchi nzuri, ina mito, ina mlima, ina mabango mengi kupita miti, na watu wake ni wapole kiasi kwamba ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Zamani Shwarini ilikuwa na Wizara ya Maafa, na huko ng'ambo ya pili ya jiji ilikuwa na Wizara ya Sherehe na Mapokezi. Ukaja mwaka wa kubana matumizi. Wataalamu wakajifungia hoteli ya ufukweni muda mrefu wakitafuta namna ya kubana, na kabla bwawa la kuogelea halijawachosha wakagundua kwamba wizara zote mbili zinatumia vitu vilevile: mahema, viti vya plastiki, malori, vipaza sauti na wali mwingi unaopikwa harakaharaka. Wizara zikaunganishwa. Wafanyakazi wa Maafa wakastaafishwa kwa sababu walikuwa na nyuso za huzuni, wakabaki wale wa Sherehe. Tangu siku hiyo nyumba ikiwaka moto Shwarini, anayefika wa kwanza ni mpiga tarumbeta.

Msidhani mambo yaliharibika. Mambo yalinyooka! Mafuriko ya zamani yalikuwa yakiingia tu majumbani mwa watu bila ratiba, bila kadi, bila hata wimbo wa taifa. Wizara mpya ikapitisha kanuni kwamba hakuna janga litakalotambuliwa mpaka lizinduliwe na mgeni rasmi. Mwaka uliofuata majanga yakapungua sana kwenye takwimu, na nchi jirani zikatuma wajumbe kuja kujifunza siri ya mafanikio.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, Mtaa wa Tulizana, palikuwa na duka la dawa la mfamasia mmoja aitwaye Pulkeria Mng'ong'o. Alikuwa mwanamke mfupi, msafi, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Ugonjwa haukumtisha hata kidogo. Angeweza kumtazama mtu anayetapika huku akimalizia chai yake. Kilichomtisha ni serikali. Gari lenye kibendera likipita barabarani, Pulkeria hufunga vifungo vyote vya koti na kusimama wima nyuma ya kaunta, hata kama gari lenyewe limekwenda kununua mkaa.

Mbele ya duka lake alikaa Mama Sikitu, muuza mihogo ya kukaanga, mwanamke mwenye sauti ambayo watu wa mtaa wa pili waliitumia kujua saa. Mwaka uliopita nyuki mmoja alimuuma kidoleni. Nyuki mmoja tu, tena mdogo. Midomo ikavimba, koo likaanza kuziba, Mama Sikitu akaanguka kando ya karai lake. Pulkeria alimkimbilia na sindano ya adrenalini, ile inayofungua koo la mtu mwenye aleji kali, akamdunga pajani. Kabla mihogo haijaungua, Mama Sikitu alikuwa ameketi akimkaripia mteja aliyejichotea kachumbari.

Tangu hapo Pulkeria alikuwa na sindano moja ya aina hiyo kwenye droo iliyo karibu na mlango, maalumu kwa ajili ya jirani yake. Na kila asubuhi Mama Sikitu, akija kuomba maji ya kuoshea mihogo, aliigonga ile droo kwa kidole.

"Ipo, dokta?"

"Ipo, shoga."

Kisha kila mmoja akaenda kazini kwake ameridhika.

Ndipo akaja Bwana Zefania, Afisa Itifaki wa Wizara, pande la mtu lenye tai pana na nyaraka kwapani. Nyuma yake wabebaji walihema chini ya sanduku la chuma lililopakwa rangi za bendera.

"Dada Pulkeria, hongera," alisema. "Katika Mpango Kabambe wa Utayari wa Maduka ya Dawa, duka lako limeteuliwa kuwa duka la mfano. Hili ndilo Sanduku la Dharura."

Pulkeria alifunga vifungo. "Nashukuru, mkuu. Ndani kuna nini?"

"Vifaa vya utayari. Na sasa tutaweka dawa zako zote za dharura. Dawa ya dharura haikai ovyo ovyo kwenye droo kama kijiko. Inakaa sandukuni, sanduku linapigwa kufuli, kufuli linafungwa utepe."

"Na dharura ikitokea?"

"Litafunguliwa."

"Na nani, mkuu?"

Bwana Zefania alimtazama kwa huruma. "Na mgeni rasmi, dada yangu. Kitu cha serikali hakifunguliwi kienyeji."

"Na mgeni rasmi akiwa mbali?"

"Basi dharura itasubiri. Nchi hii ina utaratibu."

Akaeleza kwa upole kwamba atakayefungua sanduku kabla ya uzinduzi atanyang'anywa leseni na kutangazwa kuwa mchochezi wa maafa. Kisha akaichukua sindano kutoka kwenye droo, akaitumbukiza sandukuni, akapiga kufuli, na ufunguo akautundika shingoni mwake, chini ya tai. Pulkeria alisema, "Sawa, mkuu." Alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake alijichukia, lakini lilikuwa limeshatoka.

Asubuhi yake Mama Sikitu aligonga droo.

"Ipo, dokta?"

"Haipo, shoga. Iko sandukuni."

"Sanduku gani tena?"

"La utayari."

Mama Sikitu alilitazama sanduku, akatazama droo, akatazama sanduku tena. "Kwa hiyo tulipokuwa hatuko tayari tulikuwa nayo, na sasa tumekuwa tayari hatunayo."

"Ndivyo ilivyo."

"Haya. Na nyuki naye mumwandikie asubiri."

Siku ya uzinduzi ilipofika, malori ya Wizara yaliziba mtaa mzima. Yakashusha mahema, bendi ya tarumbeta, mazulia, mto wa mahameli wenye mkasi juu yake, na mwisho ikashushwa mimbari ya Mheshimiwa Waziri. Ilikuwa mimbari ya mbao nzito, kubwa kama kabati la bibi harusi, na tangu uzinduzi wa ukame ilikuwa imelala ghalani bila kuguswa. Ilipotuliwa chini ilivuma kidogo. Vuuu, kisha ikanyamaza.

Fundi mitambo alihangaika sana na ule mvumo. Alibadilisha waya, akabadilisha kipaza sauti, akalaumu ardhi ya Tulizana kwamba ina umeme wake wa asili. Pulkeria alikuwa akipanga viti kando ya Sanduku la Dharura, lililokuwa limetolewa nje ya duka. Akasogea, akaegesha sikio kwenye mbao, na moyo ukamlipuka.

"Bwana Zefania, hii mimbari inavuma."

"Inavuma kwa heshima ya Mheshimiwa."

"Mkuu, nadhani kuna nyuki ndani."

Bwana Zefania alipekua nyaraka zake, akasoma kwa makini kwa kidole. "Kuna wimbo, kuna ngoma, kuna igizo la majeruhi, kuna hotuba. Nyuki hawamo kwenye ratiba."

Pulkeria akamkimbilia jirani yake. "Shoga, funga biashara urudi nyumbani. Nakuomba."

"Nirudi nyumbani leo? Leo ambapo serikali nzima inakula mihogo yangu?" Mama Sikitu alikuwa amevaa kanga mpya, na karai lake limesuguliwa mpaka linang'aa. "Dokta, hata nikifa, nife wamelamba vidole."

Mheshimiwa Dakta Hilari Makorokocho, Waziri wa Maafa, Sherehe na Mapokezi, alifika akiwa amechelewa kama inavyompasa mtu wa cheo chake. Alikuwa mnene, mchangamfu, na alipenda sana mapambo. Sifa yake kuu nchini ilikuwa kugonga mimbari. Wengine husema mambo mazito, yeye aliyagonga.

"Ndugu wananchi!" Pu! "Maafa ya zamani yalikuwa hayana adabu! Yalikuja usiku, yalikuja watu wakiwa wamelala! Serikali yenu sikivu imesema hapana!" Pu! "Kuanzia leo mfamasia wa Shwarini hatashtukizwa na ajali, wala na sumu, wala na mlipuko! Ni ajali ndiyo itakayoshtukizwa na mfamasia!" Pu! "Mkituuliza tuna nini, tutawajibu tuna neno moja tu. Nalo ni utayari!"

Na neno hilo akaligonga kwa ngumi zote mbili.

Mimbari ikapasuka ubao wa mbele, na nyuki wakatoka. Walitoka wengi, kwa mpangilio, kana kwamba nao wameitwa na mshereheshaji. Wageni waliokaa mbele walipiga makofi kwa nguvu, maana walidhani ndilo igizo la majeruhi. Waigizaji wenyewe, waliokuwa wamelala kwenye machela wamepakwa nyanya, waliinuka wakatimka, na makofi yakazidi. Ni pale nyuki walipofika safu ya makatibu wakuu ndipo ilipoeleweka kwamba jambo hili halikupangwa. Viti vikapaa, hema likaanguka, mshereheshaji akajiviringisha kwenye zulia. Bendi peke yake iliendelea kupiga, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

Mheshimiwa Waziri aliliacha neno utayari likielea hewani, akakimbilia duka la dawa, akajifungia kwa ndani.

Pulkeria alimtafuta Mama Sikitu kwa macho. Alimwona amekaa chini kando ya karai, mkono shingoni.

"Dokta," alisema Mama Sikitu. "Kaniuma." Ile sauti ya kusikika mtaa wa pili sasa ilikuwa nyembamba kama uzi, na midomo ilikuwa imeanza kujaa.

Hofu aliyoisikia Pulkeria haikuwa ile ya vibendera. Ilikuwa hofu ya kumpoteza mtu. Akakimbia mpaka kwenye sanduku, akamkuta Bwana Zefania amelala juu yake kifudifudi, kitambaa cha meza kichwani, amelikumbatia kwa mikono na miguu.

"Toa ufunguo!"

"Mgeni rasmi hajakata utepe!"

"Mtu anakufa, we Zefania!"

"Hawezi kufa kabla ya uzinduzi, dada, tutamwingiza kwenye hesabu gani?" Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe na alikuwa akilia machozi ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameamini tu kila alichowahi kutumwa kusema. Pulkeria alimvuta tai, akamvuta mguu, akamfinya, lakini pande lile la mtu halikusogea.

Akakimbilia mlango wa duka lake mwenyewe, akaugonga kwa viganja. "Mheshimiwa, toka ukate utepe! Kuna mgonjwa!"

"Mheshimiwa hayupo," ilijibu sauti ya Mheshimiwa kutoka chini ya kaunta. "Yuko nje ya nchi kikazi."

"Nyuki wamepungua, Mheshimiwa, nakuapia!"

"Tunasubiri tamko."

Pulkeria aligeuka. Mama Sikitu alikuwa akivuta pumzi kwa mlio wa filimbi iliyopasuka. Hapo ndipo mfamasia wetu alipoelewa kosa lake. Alikuwa akiwaeleza watu hawa habari za kifo, na kifo hakikuwa katika majukumu ya ofisi yao.

Akakiokota kipaza sauti. Akakohoa kidogo. Nyuki walikuwa wakimtembea mikononi na mmoja alikuwa amemuuma sikio, lakini alipofungua kinywa alitoa sauti laini, tamu, ya kuburuta maneno.

"Mabibi na mabwana, itifaki ikiwa imezingatiwa. Sasa tumefikia lile tukio tulilolisubiri kwa hamu kubwa. Kwa heshima na taadhima, naomba kumkaribisha mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Dakta Hilari Makorokocho, aje atukatie utepe!"

Bendi ikabadilisha wimbo papo hapo, ikapiga ule wa kukatia utepe. Kitasa cha mlango wa duka kikazunguka. Mheshimiwa Waziri akatoka polepole, macho yamevimba hayaoni mbele, nyuki wawili kwenye kipara, huku anatabasamu upande ambao kwa kawaida kamera hukaa. Sijui kama alikusudia kutoka. Nadhani miguu ilisikia wimbo ikaenda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa, vidole vimekaa tayari kupokea mkasi.

Pulkeria akamwekea mkasi, akamwongoza kiwiko. Utepe ukakatika. Na hapo mtaa mzima, waliokuwa chini ya viti, waliokuwa juu ya malori, waliokuwa ndani ya zulia, wakapiga makofi. Bwana Zefania aliruka akasimama wima, akautoa ufunguo chini ya tai na kuukabidhi kwa mikono miwili, akainama.

Sanduku lilipofunguka zilitoka fulana. Zikatoka kofia zilizoandikwa UTAYARI HOYEE, zikatoka kanga, zikatoka kalenda za mwaka uliopita zenye picha ya Mheshimiwa akicheka na manusura wa mafuriko. Pulkeria alizirusha nyuma kama mbwa anayefukua. Chini kabisa, ndani ya kofia, aliipata sindano yake.

Alimdunga Mama Sikitu pajani juu ya kanga mpya, akakishika kichwa chake mapajani mwake, akangoja. Alikuwa akimwomba Mungu na kumtukana Zefania kwa zamu. Kisha ile filimbi ikalegea. Pumzi moja ikaingia hadi chini, ikafuata nyingine. Mama Sikitu akafumbua jicho.

"Mihogo," alisema. "Nani anaangalia mihogo?"

Pulkeria alicheka mpaka akalia, akaapa kimoyomoyo kwamba hatafunga tena kifungo kwa ajili ya gari lolote.

Wizara ilitoa taarifa jioni. Ilisema mazoezi yamefana, na kwamba nyuki, ambao walishirikishwa tangu hatua za awali, walizingatia muda kuliko wadau wengine wote. Baadaye Bwana Zefania akaja na sanduku jipya, sindano mpya moja ndani yake, kufuli na utepe. Shingo yake ilikuwa bado imevimba na hospitali walimkataza kuvaa kitu shingoni, kwa hiyo ufunguo ukatundikwa msumarini, karibu na mkasi.

"Bwana Zefania," aliuliza Pulkeria, koti wazi, "kwa kanuni, mgeni rasmi ni nani?"

"Ni mtu aliyealikwa rasmi, kwa kadi."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote mwenye kadi. Bila kadi, dada yangu, hata Mheshimiwa ni mtu tu."

Juma lile Pulkeria alichapisha kadi zenye ukingo wa dhahabu, akazigawa zote nyumba hadi nyumba, kuanzia kwa Mama Sikitu aliyeifunga ya kwake kwenye pindo la kanga. *Una heshima ya kualikwa kuwa MGENI RASMI. Mahali: hapahapa dukani. Siku: ukizidiwa. Mavazi: ulivyo.* Hapo Mtaa wa Tulizana ukawa mtaa wenye wageni rasmi wengi kuliko mtaa wowote duniani.

Wa kwanza kuzidiwa hakuwa mkazi wa Tulizana. Gari lenye kibendera lilifunga breki mbele ya duka, na dereva akamburura nje Mheshimiwa Waziri, midomo kama maandazi. Nyuki alikuwa ameingia dirishani. Pulkeria alijua mara moja kilichotokea, kwa kuwa mtu aliyeumwa na nyuki wengi siku moja anaweza kupata aleji hiyohiyo ya Mama Sikitu. Alikuwa ameshaushika mkasi wakati Bwana Zefania, aliyekuwa kwenye msafara, alipojitupa mbele ya sanduku.

"Ana kadi?"

Mheshimiwa alijipapasa mifukoni. Alikuwa na kadi ya benki, kadi ya chama, kadi ya klabu ya gofu. Ya duka hakuwa nayo. Akamtazama Zefania, Zefania akamtazama kwa masikitiko makubwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mheshimiwa Dakta Hilari Makorokocho akaogopa utaratibu.

Mama Sikitu alikuwa amesimama mlangoni na upawa wake. Alijua sindano ni moja. Alijua pia nyuki bado wanaruka duniani. Alisonya, akafungua pindo la kanga, akatoa kadi.

"Mpeni yangu," alisema. "Ila asihutubie."

Waziri alikata utepe, Pulkeria akamdunga, Mama Sikitu akapiga makofi peke yake. Koo lilipofunguka, Mheshimiwa alivuta pumzi ndefu, akasema, "Ndugu wanan—" na Mama Sikitu akamtia kipande cha muhogo mdomoni. Akatafuna. Alipomeza, akiwa kwenye kiti cha wagonjwa, aliuliza kwa sauti ndogo, "Dada, na kama huyu mama asingekuwa na kadi?"

"Ungesubiri, Mheshimiwa," alisema Pulkeria. "Nchi hii ina utaratibu."

Haukupita muda, kanuni ikabadilishwa. Masanduku yote nchini yakatolewa kufuli, na ikaamriwa kwamba dawa ya dharura ikae kwenye droo, karibu na mlango, bila utepe. Ni kweli kwamba droo yenyewe ilizinduliwa rasmi, kwa mahema na bendi, na mimbari mpya ambayo Bwana Zefania aliigongagonga kwanza kwa fimbo ndefu akiwa amesimama mbali. Lakini ilizinduliwa mara moja tu, basi.

Asubuhi iliyofuata Mama Sikitu alikuja kuomba maji, akaigonga droo kwa kidole.

"Ipo, dokta?"

"Ipo, shoga. Tena sasa ziko mbili. Moja yako, moja Wizara wameileta kwa ajili ya Mheshimiwa, akipita huku."

Mama Sikitu aliwaza kidogo. "Na yangu nitaijuaje?"

"Ni ile isiyo na picha yake."